Foleni ya Kumpa Kocha Mkono: Kisa cha York High School na Mataji 28 ya Mbio za Nyika

Mazoezi yakiisha, mvulana hakwenda nyumbani kabla ya kumpa kocha mkono. Kuna misimu walikuwa zaidi ya mia mbili. Walipita mmoja mmoja wakiwa bado wanatiririka jasho, na kila aliyefika mbele alitazamwa usoni, akaitwa kwa jina lake au kwa jina la utani alilobandikwa na kocha mwenyewe, akaambiwa neno moja au mawili kuhusu kazi ya siku hiyo, akaenda zake. Tupige hesabu kidogo. Ukimpa kila mtoto sekunde tano tu, watoto mia mbili wanakula zaidi ya robo saa. Robo saa hiyo ilitolewa kila siku ya mazoezi, msimu baada ya msimu, na mtu mmoja aliyefundisha kwa miaka hamsini na zaidi.

Mtu huyo ni Joe Newton. Shule ni York Community High School, sekondari ya umma katika mji wa Elmhurst, pembezoni mwa Chicago, jimbo la Illinois nchini Marekani. Akiwa kocha mkuu, timu yake ya wavulana ilitwaa ubingwa wa jimbo wa mbio za nyika mara 28. Taji la kwanza lilikuja mwaka 1962, na aliendelea kuongeza mengine hata baada ya mwaka 2000. Kuna makocha wa timu za taifa wenye bajeti ya wizara nzima nyuma yao ambao hawajawahi kuota idadi kama hiyo.

Swali ninalotaka kulichambua hapa ni hili: shule isiyoweza kusajili hata mkimbiaji mmoja kutoka nje ya mipaka yake iliwezaje kutawala mchezo mmoja kwa takriban nusu karne? Majibu ya haraka yapo, na mengi yanaishia kwenye haiba ya kocha. Haiba alikuwa nayo, wala sibishi. Ila nimekirudia kisa hiki mara nyingi, na kila mara najikuta nawaacha wale saba wa timu ya fainali waliopanda jukwaani na kumtazama mvulana wa mia na themanini kwenye orodha, yule ambaye hakuna gazeti lililowahi kumwandika. Naamini mataji yalianzia kwake.

Mji wenyewe

Elmhurst uko kama kilomita 25 magharibi mwa katikati ya Chicago, kusini kidogo ya uwanja wa ndege wa O'Hare. Reli ilifika mwaka 1849, enzi hizo kijiji kikiitwa Cottage Hill, na mwaka 1869 kikapewa jina la sasa. Kwa miongo mingi palikuwa mahali patulivu pa wakulima wenye asili ya Ujerumani na matajiri wachache wa Chicago waliotaka nyumba mbali na moshi wa jiji.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mambo yaligeuka. Askari waliorudi walipata mikopo nafuu ya nyumba, wakaoa, wakazaa, wakaanza kulihama jiji kufuata viwanja na bustani. Mwaka 1950 Elmhurst ulikuwa na watu kama 21,000. Miaka kumi baadaye walikuwa karibu 37,000. Watoto wa wimbi hilo ndio waliojaza madarasa ya York. Newton, mzaliwa wa Chicago wa mwaka 1929, alifika shuleni hapo mwaka 1956 maji yakiwa yanajaa, na mwaka 1960 akakabidhiwa timu ya mbio za nyika. Hiyo ilikuwa bahati, na uchambuzi wa haki lazima uitaje. Angefika kwenye mji unaopungua watu, huenda leo tusingekuwa na cha kuandika.

Kuna jambo jingine la mji huo ambalo huniburudisha kila ninapolisoma. Zamani kulikuwa na treni ya umeme ya kampuni ya Chicago Aurora and Elgin iliyowabeba wakazi kwenda kazini mjini. Mwaka 1953 ujenzi wa barabara kuu ya magari uliikatia njia ya kuingia katikati ya Chicago, abiria wakalazimika kubadili treni njiani, wengi wakanunua magari. Tarehe 3 Julai 1957 huduma ya abiria ikasimama. Reli ikabaki kutu na magugu. Mwaka 1963 mwanamke mmoja mpenda mimea, May Theilgaard Watts, aliliandikia barua gazeti la Chicago Tribune akiomba njia ile iliyotelekezwa ifanywe njia ya watu wa miguu. Wakamsikiliza. Leo inaitwa Illinois Prairie Path, inapita Elmhurst, ni ya changarawe laini isiyo na magari, na miguu ya mkimbiaji inajua tofauti ya changarawe na lami. Barabara iliyoua treni ndiyo iliyosababisha mji upate mahali pa kukimbilia.

Shule yenyewe imeshapita karne moja. Jina lake limetokana na York, eneo la kiutawala lenye sehemu kubwa ya Elmhurst, na kwa kuwa Duke wa York ni cheo cha kale cha familia ya kifalme ya Uingereza, timu zote za shule zikaitwa Dukes. Rangi ni kijani na nyeupe. Wavulana mia mbili waliovaa kijani wakitoka geti la shule kwa mbio, wakijipanga kando ya barabara mmoja nyuma ya mwingine, walionekana kama kamba ndefu isiyo na mwisho. Ndipo likazaliwa jina lao: Mstari Mrefu wa Kijani.

Shule ya umma ya Marekani isivyofanana na zetu

Msomaji wa kwetu anaweza kudhani York ilikuwa ikichagua vipaji. Sisi tumezoea mtoto kufaulu na kupangiwa shule mkoa mwingine, tumezoea mabweni, na tunajua jinsi shule yenye jina katika michezo inavyoweza kupata mtoto mwenye mbio kutoka mbali. St. Patrick's ya Iten, Kenya, ni shule ya bweni, na jina lake liliwavuta vijana wengi wenye miguu mizuri.

York haina nafasi hiyo. Sekondari ya umma ya aina yake inawapokea watoto wa wakazi wa wilaya yake ya elimu, na sehemu kubwa ya gharama inalipwa na kodi ya majengo ya wakazi hao hao. Hakuna mtihani wa kuchujia, hakuna bweni. Unaishi upande huu wa mtaa, mtoto wako ni wa York; unaishi upande ule, ni wa shule nyingine. Kocha anapokea kile ambacho mitaa imemletea: mnene, mwembamba, mwenye pumu, mwenye miwani, mtoto wa daktari, mtoto wa fundi bomba. Kila msimu anaanza na hao, na kila baada ya miaka minne wote wanaondoka, hata wale bora kabisa. Klabu inaweza kumbakiza nyota wake kwa mkataba. Sekondari inamvalisha joho la mahafali na kumuaga.

Kwa hiyo ukiniuliza tatizo la kocha wa shule ya umma ni lipi, nitakwambia ni hilo: huwezi kununua, huwezi kuvuta, huwezi kubakiza. Kilichobaki mikononi mwako ni kuamua utafanya nini na waliopo.

Na hapo makocha wengi wanakosea tangu wiki ya kwanza. Wanachuja. Mpira wa kikapu una wachezaji watano uwanjani, besiboli tisa, vifaa ni ghali, sare ni chache, kwa hiyo majaribio yanafanywa siku mbili tatu, kisha karatasi inabandikwa mlangoni. Jina lako halipo, umekwisha. Una miaka kumi na minne na shule imekwambia mbele ya wenzako wote kwamba haikuhitaji. Newton hakuchuja mtu. Aliyekuja akakubali kufanya kazi alipewa nafasi kwenye mstari.

Hesabu ya mtu wa tano

Hapa ndipo watu wanaofuatilia mbio za uwanjani pekee hupoteza uzi, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwenye mbio za nyika za shule, kila timu inaingiza wakimbiaji saba katika fainali. Nafasi uliyomaliza ndiyo pointi zako: wa kwanza pointi 1, wa arobaini pointi 40. Wanajumlishwa watano wa kwanza wa kila timu, na timu yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Wa sita na wa saba hawajumlishwi, lakini wakiwapita wapinzani wanawasukuma nyuma na kuwaongezea pointi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Timu moja ina vipaji viwili vya ajabu: wanamaliza wa 1 na wa 2. Wenzao watatu wanafuata wakiwa wa 10, wa 40 na wa 60. Jumla ni 113. Timu ya pili haina nyota yeyote. Mtu wake wa kwanza anaingia wa 15, umati umeshaanza kuwashangilia mabingwa. Lakini nyuma yake wanakuja wenzake, wa 18, wa 20, wa 23, wa 25, kijani, kijani, kijani. Jumla ni 101. Wale wenye dhahabu na fedha wanarudi nyumbani bila kombe, na kombe linabebwa na wavulana watano ambao hakuna aliyewakumbuka majina.

Kombe liko kwa mtu wa tano. Kila kocha wa nyika anaijua hesabu hii. Kinachomtofautisha Newton ni kwamba aliifuata hadi mwisho wake na kujiuliza: huyu mtu wa tano anatoka wapi?

Hatoki kwa wale walioonekana mapema. Wale ni wawili, labda watatu, na kila shule kubwa inao. Mtu wa tano kwa kawaida ni mtoto aliyekuja akiwa na miaka kumi na minne, mfupi, sauti bado haijavunjika, akawa wa mia na arobaini kwenye mazoezi. Mwili wa mvulana una ratiba yake. Mmoja anapevuka akiwa na miaka kumi na mitatu na anakuwa bingwa wa rika lake, kisha wenzake wanamfikia. Mwingine anachelewa, na ghafla, kati ya likizo moja na nyingine, anarefuka, mapafu yanapanuka, na miaka mitatu ya kukimbia nyuma ya wengine inaanza kulipa. Siku ya majaribio hakuna kocha duniani anayeweza kukuonyesha kwa kidole yupi kati ya wale mia na hamsini wa nyuma ndiye huyo. Ukichuja, umemchuja yeye pia, na hutajua kamwe.

Kwa maneno mengine, kuwabakiza wote kulikuwa ndiyo usajili wa York. Shule nyingine zilikuwa na wavulana thelathini au arobaini wa kutafutia mtu wao wa tano. Newton alikuwa na mia mbili, na alikuwa nao kwa miaka minne mfululizo.

Mkono ulifanya kazi gani

Kuwaandikisha watoto mia mbili si kazi. Mwalimu mchangamfu anaweza kuwapata wengi hivyo wiki ya kwanza. Kazi ni kuwa nao wiki ya nane, mvua za vuli zikiwa zimeanza na upepo wa ziwa Michigan umeanza kuuma masikio, wakati yule wa mia na themanini anajua kabisa kwamba hatavaa sare ya fainali mwaka huu wala mwaka ujao. Kwa nini arudi kesho?

Nimefundisha watoto, najua kinachomwondoa mtoto kwenye timu. Uchovu unamwondoa mara chache. Kinachomwondoa zaidi ni kugundua kwamba asipokuja hakuna atakayejua. Timu kubwa ina hatari hiyo kuliko timu ndogo. Unaweza kutoweka ndani yake kama tone kwenye pipa. Foleni ya jioni iliziba tundu hilo. Mvulana aliyekosa siku moja alijua kesho yake atasimama mbele ya mtu atakayemwita jina na kumuuliza alikuwa wapi. Aliyekimbia vizuri kuliko jana, hata kama vizuri kwake ni kuwa wa mia na sabini, alijua kuna mtu mmoja aliyeliona hilo na atalisema.

Majina ya utani yalikuwa na kazi hiyo hiyo. Mtoto akipewa jina na mkubwa anayemheshimu, tayari ana mahali pake. Newton alipenda kurudia msemo mmoja ambao kwa Kiswahili ningeuweka hivi: ni vizuri kuwa bora, lakini ni bora zaidi kuwa mwema. Ukiusoma peke yake unaonekana wa kubandikwa ukutani. Ukiuweka kando ya mikono mia mbili kwa siku unaona kwamba alikuwa akiulipia kwa muda wake.

Kuna la ziada ambalo lisisahaulike kwa sababu ya utamu wa hadithi hii: mazoezi yalikuwa magumu. Upole wa jioni haukufuta kazi ya mchana. Wale saba hawakupewa nafasi kwa kuwa wema, walizipigania kila wiki dhidi ya watu wa nane, wa tisa na wa kumi waliokuwa wakiwapumulia mgongoni. Mtu wa kumi wa York angekuwa nguzo ya timu ya shule nyingi za jirani. Ushindani mkali zaidi aliokutana nao mvulana wa York kwa mwaka mzima mara nyingi ulikuwa Jumanne alasiri, na wenzake.

Rekodi ambayo haikuwa yao

Fainali za jimbo zinafanyika Novemba katika bustani ya Detweiller, mji wa Peoria, kwenye majani, umbali wa maili tatu, yaani kama kilomita 4.8. Mwaka 1972 kijana mmoja kutoka Lebanon, mji mdogo wa kusini mwa jimbo, alikimbia umbali huo kwa dakika 13 na sekunde 50.6. Jina lake Craig Virgin. Baadaye akawa bingwa wa dunia wa mbio za nyika, mwaka 1980 na tena 1981. Rekodi yake ya Detweiller ilidumu miaka 47; ilivunjwa mwaka 2019, na hata hapo kwa chini ya sekunde moja.

Angalia maana yake. Katika miaka hiyo 47 York ilibeba sehemu kubwa ya mataji yake 28, na katika miaka yote hiyo hakuna mvulana wa York aliyeishikilia rekodi ya njia ile. Shule iliyoutawala mchezo haikuwa na mkimbiaji wa kasi kuliko wote. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote katika kisa kizima, kwa sababu hautegemei sifa za mtu yeyote. Ni saa na jedwali la matokeo tu.

Haimaanishi York haikutoa wakimbiaji wakubwa. Donald Sage alitoka hapo akaenda Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka 2002 akawa bingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 1500. Marius Bakken wa Norwei alisoma York kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Baadaye alikimbia mita 5000 kwenye Olimpiki mbili, akashikilia rekodi ya nchi yake, akaenda hadi Kenya kujifunza wenzake wanavyofanya mazoezi. Wakubwa walikuwepo. Ila mashine haikujengwa kuwasubiri wao.

Mgeni kutoka Uingereza, na marathoni ya Seoul

Mwaka 1984 Sebastian Coe alikuwa kwenye hali mbaya. Alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 wa mwaka 1980 na mwenye rekodi ya dunia ya mita 800, lakini mwaka 1983 ulimharibikia kwa ugonjwa na wengi Uingereza walishamwandika kuwa amekwisha. Kabla ya michezo ya Los Angeles alikwenda Elmhurst, akafanya mazoezi kwa Newton, kwenye mazingira ya shule ya sekondari, mbali na waandishi wa nchi yake. Los Angeles akapata medali ya fedha ya mita 800, kisha akatetea dhahabu yake ya mita 1500, jambo ambalo hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kulifanya. Mkenya Joseph Chesire alimaliza wa nne katika fainali hiyo.

Nawaza wavulana wa York majira yale. Mtoto ambaye hajawahi kushinda hata mbio za darasa lake anamwona mwenye rekodi ya dunia akinyoosha misuli kwenye majani yale yale. Rekodi hiyo ya mita 800, dakika 1 na sekunde 41.73 aliyoiweka Florence mwaka 1981, iliishi hadi mwaka 1997, ilipovunjwa na Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Denmark na aliyepita St. Patrick's ya Iten. Dunia ya riadha ni ndogo, na njia zake hupita kwenye shule.

Miaka minne baadaye Newton aliteuliwa kuwa mmoja wa makocha wa timu ya Marekani ya Olimpiki ya Seoul 1988, akikabidhiwa wakimbiaji wa marathoni. Alikuwa kocha wa kwanza wa sekondari kupata nafasi hiyo. Tarehe 2 Oktoba mbio zile ziliwaendea wengine: Gelindo Bordin wa Italia dhahabu, Douglas Wakiihuri wa Kenya fedha, Ahmed Salah wa Jibuti shaba, na Juma Ikangaa wetu wa saba. Kocha wa shule ya kata moja ya Illinois hakuwa kwenye kundi la mbele la siku hiyo; alikuwa nyuma ya pazia. Hakuja na nyota wa kumtangaza. Alifika Seoul kwa kazi aliyoifanya na watoto wa mtaa.

Kroy

Mwaka 2004 kulianzishwa mashindano ya timu za sekondari za Marekani nzima, yaliyodhaminiwa na Nike, yakafanyika Portland, Oregon, kwenye uwanja wa mbio za farasi. Kulikuwa na kikwazo: kanuni haziruhusu shule kushindana kwa jina lake baada ya msimu wa jimbo kufungwa, kwa hiyo wavulana walikwenda kama klabu. Wakaligeuza jina York kinyumenyume, wakawa Kroy. Wakashinda. Bingwa wa kwanza wa taifa wa wavulana wa mashindano hayo, kwa rekodi, ni klabu ambayo huwezi kuipata kwenye ramani.

Miaka mitatu baadaye, 2007, taji hilo hilo lilikwenda Neuqua Valley, shule ya Naperville, mji mwingine wa pembezoni mwa Chicago ulioko magharibi zaidi. Nataja hilo kwa sababu linatupeleka kwenye pingamizi la kwanza, na ni la haki.

Pingamizi

Elmhurst si mji maskini. Watoto wake wanakula, wana viatu, wana daktari, wana mzazi mwenye gari la kuwafuata. Ukitaka kuchukua kisa hiki na kukipeleka kwenye shule ambayo mtoto anatembea kilomita sita kabla ya kengele na anarudi kuchota maji, usisahau hilo. Lakini miji jirani ilikuwa na utajiri ule ule, mingine zaidi, na ilikuwa na shule kubwa zenye viwanja vizuri. Utajiri unaeleza kwa nini bingwa wa Illinois mara nyingi alitoka vitongoji vya Chicago. Hauelezi kwa nini alitoka York mara 28.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi. Mstari Mrefu wa Kijani ulikuwa wa wavulana. Sheria ya Marekani iitwayo Title IX, iliyozuia ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu, ilipita mwaka 1972, miaka kumi baada ya taji la kwanza la York. Muongo mzima wa mwanzo wa hadithi hii tamu, dada wa wakimbiaji wale walikuwa watazamaji. Kocha hakuutunga mfumo huo, lakini anayesema shule hii haikumwacha mtu nje anapaswa kusema pia kwamba nusu ya wanafunzi hawakuwa kwenye foleni.

La tatu ni lile la mtu mmoja. Mfumo unaotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja ya majina mia mbili ni mfumo gani? Akiugua? Akizeeka? Newton alistaafu mwaka 2016 na kufariki Desemba 2017, akiwa na miaka 88. Nadhani pingamizi hili lina nguvu nusu. Kipaji cha kukumbuka nyuso kilikuwa chake. Uamuzi wa kutochuja, na wa kutenga robo saa kila jioni kwa ajili ya wasio na medali, ni uamuzi ambao kocha mwingine yeyote anaweza kuufanya Jumatatu ijayo, na shule yake haitahitaji kununua kitu. Hata hivyo sijaona wengi wakiufanya. Robo saa ni nyingi ukiwa umechoka, na mvulana wa mia na themanini ni rahisi sana kumsahau.

Mvulana aliyempa Newton mkono mwaka 1960 akiwa na miaka 15 alikuwa na miaka 71 kocha alipostaafu. Katikati hapo, baadhi ya wale wa zamani walirudi Elmhurst, wakanunua nyumba ndani ya mipaka ya wilaya ya shule, na watoto wao walipofika kidato cha kwanza wakawaleta kwenye foleni ile ile.